Ungo wa Gwantwa na Boksi la Besi

Kwa miaka sita Gwantwa alipiga gitaa la besi katika kwaya ya Hasamba, na kwa miaka sita hakuna aliyemsikia. Kumwona walimwona, hilo halina ubishi. Alisimama kushoto kwa kinanda, mrefu, kilemba kimekaa sawasawa, vidole vinatembea juu ya nyaya nne nene, na uso wake umejaa raha ya mtu anayesikia kitu kizuri. Shida ni kwamba alikuwa akikisikia peke yake, tena kichwani mwake.

Kosa halikuwa la gitaa wala la vidole. Kosa lilikuwa la Chura. Hilo ndilo jina ambalo kwaya ilikipa kispika kimoja kidogo, kimo cha ndoo, walicholetewa zamani na mfadhili mwenye upendo mwingi na habari chache za muziki. Kilitengenezwa kwa ajili ya gitaa la kawaida, lile la nyaya nyembamba. Ukikipa besi kilijitahidi, masikini, kikavimba, kikatetemeka, kisha kikatoa "kro, kro, kro" mpaka watoto wa shule ya Jumapili wakaanguka kwa kicheko. Ili kuepuka aibu hiyo Gwantwa alizungusha swichi ya sauti kurudi chini, chini zaidi, mpaka mahali ambapo Chura hakukoroma. Na mahali hapo hapakuwa na sauti ya aina yoyote.

Kila Jumapili baada ya ibada alikwenda benchi la mwisho, karibu na mlango, alikokaa bibi yake mzaa mama. Bibi Tukuswiga ndiye aliyemlea kule Mbebe tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, na sasa alikuwa akiishi naye Hasamba. Masikio ya Bibi yalikuwa yamechoka. Ukitaka akusikie unaliinamia sikio la kulia na kupaza sauti kama unamwita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Gwantwa aliliinamia, akauliza swali lilelile la kila Jumapili.

"Bibi, umenisikia leo?"

"Nimekuona, mwanangu," Bibi alijibu, akimpapasa shavu. "Umependeza kweli."

Bibi hakujua kudanganya, na hakupenda kumuumiza mtu, kwa hiyo alitoa kile alichokuwa nacho. Gwantwa alicheka, akamshika mkono, wakashika njia ya nyumbani. Mpaka wafike kwenye migomba ya kwanza, kicheko kilikuwa kimeshamwishia.

Mambo yakachachamaa mwezi mmoja kabla ya Sikukuu ya Mavuno, ambayo mwaka ule kwaya ya Itumba na ile ya Mbebe zilialikwa. Kwenye kikao cha kwaya akasimama Danieli, mpiga kinanda, mdogo wake Samwel, yule mume wa Gwantwa. Alikuwa kijana mchangamfu, mwenye mdomo usiojua kupumzika.

"Jamani, tusifichane," alisema. "Besi ya shemeji haisikiki. Na kinanda changu kina besi humohumo ndani, mkono wa kushoto unamaliza kazi yote. Mchango tuliopata tushonee sare. Shemeji arudi kuimba sauti ya pili, maana tangu aondoke, sauti ya pili imekuwa uji usio na sukari."

Watu wakacheka, Gwantwa naye akacheka, lakini kicheko chake hakikufika mbali. Kuimba sauti ya pili si adhabu, na wala si jambo la kudharau. Ila ukiimba, unaimba pamoja na watu. Yeye alipenda kuwa chini yao, awabebe, wimbo wote ukae mabegani mwake na yeye ajue kwamba hautaanguka. Kumwondoa hapo ilikuwa ni kumwondoa mahali pekee duniani ambapo alijiona anatosha kabisa. Na alikuwa hajawahi hata kusikika akiwa hapo!

Mzee Kefa, mwenyekiti wa kwaya, akakohoa. Huyu alisimama kwenye mzani wa chama cha kahawa kwa miaka thelathini, na hakuamini kitu chochote ambacho hajakinyanyua kwa mikono yake.

"Tutakwenda Tunduma watu watatu," akatamka, macho yakiwa kwa Gwantwa, ambaye yeye humwita Mama Ombeni. "Mimi, Danieli na Mama Ombeni. Kama iko mashine ya kuifikisha besi benchi la mwisho, tunaichukua. Kama haiko, tunarudi na vitambaa vya sare, Mama Ombeni anakwenda sauti ya pili, na habari za Chura nisizisikie tena."

Kikao kikafungwa kwa sala, na Gwantwa aliisali ile sala kuliko wote.

Siku ya safari alitokeza barabarani akiwa na gitaa mgongoni, kopo la kahawa kavu mkobani, na ungo kwapani. Danieli alipomwona alishika kiuno.

"Shemeji! Tunakwenda kununua spika au kupepeta?"

"Vyote viwili," Gwantwa akasema, akapanda pikapu ya chama.

Ungo ule haukuwa mzaha. Msimu uliopita aliwahi kumweka Chura kwenye kichanja cha kuanikia kahawa, ili apige gitaa huku akifukuza kuku. Akaona maajabu. Akigusa waya mwembamba, punje zilizokuwa karibu na Chura zilirukaruka juu ya wavu. Akigusa waya mnene, ule wa chini kabisa, punje zililala kimya, hakuna hata moja iliyojisumbua. Tangu siku ile aliamini kwamba masikio yana tabia ya kumbembeleza mwenye nayo, hasa akiwa ametoka mbali na ana hamu ya kununua. Kahawa haimbembelezi mtu. Mashine itakayoichezesha kahawa kwa waya wa chini, hiyo ndiyo mashine.

Duka walilotafuta lilikuwa kwenye ile barabara ambayo malori hupanga foleni kungoja kuvuka mpaka, na mwenye duka aliitwa Clever. Alikuwa Mnamwanga mfupi, mnene, mwenye furaha ya kudumu. Nusu ya ndugu zake walikaa upande huu na nusu upande wa Nakonde, ndani ya Zambia, kwa hiyo salamu zake zilivuka mpaka bila kugongwa muhuri.

"Karibuni, mukwai! Shikamoo mzee. Besi? Basi hapa mmefika, msisumbue miguu tena."

Akawaonyesha vitu vitatu. Cha kwanza kilikuwa kombo, yaani mashine na spika ndani ya boksi moja, jeusi, linalong'aa, lenye taa za buluu na swichi za kuzungusha zisizopungua kumi na mbili. Danieli alilipenda kabla halijawashwa. Cha pili lilikuwa boksi refu lenye spika nne za inchi kumi kila moja. Cha tatu lilikuwa boksi pana lenye spika moja tu, inchi kumi na tano.

"Haya mawili hayana mashine ndani," Clever alieleza, akigusa kichuma bapa kilichokaa rafuni. "Hiki ndicho kichwa. Kichwa ndiyo amplifaya, boksi ndiyo mdomo. Kichwa kimoja, unachagua mdomo unaoutaka. Spika nne ndogo zinasema haraka, kila kidole unakisikia. Hii moja kubwa inasema taratibu, ila inasema nene."

Mzee Kefa hakungoja maelezo zaidi. Aliinama, akakumbatia kombo, akalinyanyua, akalishusha. "Hili bado," akasema, kana kwamba ni gunia lililopungua. Akaenda kwenye boksi pana, akalinyanyua pia. "Afadhali kidogo." Akaenda kwenye lile la spika nne, akalikumbatia, akavuta pumzi, mishipa ya shingo ikamtoka, boksi halikuondoka chini. Uso wake ukachanua. "Hili limeshiba!"

"Mzee, hatununui kwa kilo," Danieli alisema.

"Kitu kizuri kina uzito, kijana. Nimeona magunia mengi kuliko wewe."

Walianza na kombo, kwa sababu ndilo lililokuwa karibu na umeme na kwa sababu Danieli alikuwa ameshaliwasha. Gwantwa akaweka ungo juu yake, akamimina kahawa, akaisambaza kwa kiganja. Wateja wawili waliokuwa wanatafuta simu wakasogea kuona mwanamke anayeanika kahawa juu ya spika. Akachomeka waya, akasema moyoni, "Baba wa mbinguni, unaniona," akaugusa waya wa chini.

Kahawa ikacheza!

Haikucheza kwa kubahatisha. Ilitetemeka, ikajikusanya katikati ya ungo, ikazunguka, punje zikapandana na kuteremka. Sakafu ikanguruma chini ya viatu vyao. Vioo vya kabati la simu vikaimba. Gwantwa alihisi ule mtetemo ukimpanda kwenye magoti mpaka kifuani, akacheka kwa sauti ambayo hakuijua, akaupiga wimbo wa mavuno kuanzia mwanzo. Danieli alirusha mikono juu. "Mambo si hayo! Shemeji, nimekubali, nimekubali yaishe!" Mzee Kefa, ambaye kwa kawaida hucheza kwa kidole gumba cha mguu peke yake tena ndani ya kiatu, alionekana akitikisa bega. Clever alipiga makofi. Wale wateja wawili wakasahau simu.

"Tunachukua hili," Mzee Kefa alitangaza, mkono ukiwa tayari ndani ya koti. "Ni jepesi, lakini nimeshuhudia kwa macho yangu."

Gwantwa aliondoa mkono kwenye nyaya ili ajifute machozi ya furaha.

Kahawa ikaendelea kucheza.

Aliitazama. Akatazama mkono wake, uliokuwa shavuni. Akatazama tena ungo. Punje ziliendelea kujikusanya na kupandana, bila haraka, zikiwa na furaha ileile. Akageuza shingo taratibu kuelekea mlangoni. Nje, karibu kabisa na kizingiti, lilikuwa limesimama lori la matairi mengi, dereva ameshuka kununua maji na kuacha injini inaunguruma. Sauti yake ilikuwa nene, ya chini, jirani kabisa na ule waya wake mnene.

Mtu akikaa Tunduma kwa nusu saa, masikio yake huacha kuyasikia malori. Ndivyo ilivyokuwa. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amelisikia lori. Walikuwa wamelicheza.

Sasa hapo ndipo Gwantwa alipopata mtihani. Danieli alikuwa anamshika Clever mkono, Mzee Kefa anafungua bahasha, na hakuna aliyeutazama ungo isipokuwa yeye. Alichotakiwa kufanya ni kurudisha vidole kwenye nyaya na kunyamaza. Kombo lingepanda gari, besi ingebaki yake, sare zingengoja. Na kama angesema, huenda hata yale maboksi mengine mawili yasingefaa, akarudi Hasamba kuimba sauti ya pili mpaka uzeeni. Alitamani kunyamaza, tena alitamani kwa moyo wote. Kisha akajiona Jumapili, ameinama benchi la mwisho, na Bibi anampapasa shavu na kumwambia amependeza.

"Mzee," akasema, "ngoja kwanza. Mimi sipigi."

"Hupigi nini?"

"Sipigi gitaa. Angalieni ungo."

Waliangalia. Danieli akafungua mdomo na, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, hakuna kilichotoka. Wakati huohuo dereva alirudi na chupa yake, akapanda, lori likatoa moshi na kusogea mbele na foleni. Kahawa ikalala. Gwantwa akaupiga waya wa chini kwa nguvu zote, na kombo, pamoja na taa zake zote za buluu, likatoa sauti ya mlango unaofungwa chumba cha pili.

Clever aliutazama ungo, akalitazama kombo. Halafu kicheko kikamshika kutoka chini kabisa, akashika meza, akakosa meza, akakaa chini.

"Miaka minne!" alisema akijifuta macho. "Miaka minne watu wananunua hapa wakisema, Clever, spika zako zina besi! Nami najibu, ndiyo, ndizo bidhaa zangu! Kumbe malori ndiyo yananiuzia! Mayo nebo!"

Wote wakacheka, hata Mzee Kefa, ambaye alifunga bahasha na kuirudisha kotini kwanza ndipo akacheka. Gwantwa alicheka kuliko wote, kwa hofu na kwa unafuu, mpaka akashika mbavu. Lakini swali lilibaki. Kombo limeshaanguka, na duka lote lile haliaminiki, maana nyuma ya lori lililoondoka lilikuwa linasogea lingine.

Clever akanyanyuka, akakung'uta suruali. "Mama, wewe umeniambia ukweli ambao ungeweza kuuficha. Basi na mimi sitakuuzia lori. Shangazi yangu Marita ana ghala la mahindi kule nyuma, mbali na barabara. Ni refu kama kanisa. Twende tukaupate ukweli huko."

Msafara ule Tunduma iliutazama. Mbele lilitangulia guta lililobeba kombo, maboksi mawili na kichwa chake. Nyuma yake Danieli akiyashikilia yasianguke. Kisha Mzee Kefa akiwaelekeza watu wapishe kama anaongoza harusi. Kisha Clever na waya wa umeme ameuzungusha shingoni. Na mwisho Gwantwa, gitaa mgongoni na ungo kichwani. Wanawake wa sokoni waliuliza kama kuna mkutano wa injili. Danieli aliwajibu kwamba ni upasuaji, wanatafuta mdomo wa kumpandikizia shemeji yake.

Ghala la Marita lilikuwa na bati juu, sementi chini, na magunia yaliyopangwa kando. Wanawake sita walikaa kwenye turubai wakichambua maharage. Marita mwenyewe, mama mpana mwenye sauti ya kuita watu mpaka Zambia, alisikiliza kisa cha lori, akacheka, akasema hakuna kazi itakayoendelea pale mpaka jambo lile liamuliwe.

Gwantwa alihesabu hatua thelathini kutoka kwenye maboksi. Alizijua, maana ndizo alizokanyaga kila Jumapili kutoka kwenye kinanda mpaka kwa Bibi. Mwisho wa hatua ile ya thelathini waliweka pipa tupu, ungo ukakaa mdomoni mwa pipa, kahawa ikasambazwa juu yake. Marita akateuliwa kuwa mlinzi wa ungo.

Kombo lilianza, kwa heshima tu.

"Zimelala!" Marita alipaza sauti. "Zinakoroma kabisa!"

Clever akaunganisha kichwa na boksi la spika nne. Hapo mambo yalibadilika. Danieli, aliyesimama katikati ya ghala, aliruka. "Nakisikia kila kidole! Shemeji, hicho ni kidole cha shahada, hicho cha kati!" Na kweli ilikuwa sauti safi, yenye ncha, inayogonga na kuondoka. Gwantwa aliipenda papo hapo. Angeweza kuoana na boksi lile.

"Vipi huko?" aliuliza.

"Zimeamka," Marita akajibu, ameinama pua ikikaribia ungo. "Zimejinyoosha… zimelala tena."

Mzee Kefa akaingilia. "Hizo hatua thelathini ni nyingi mno. Na boksi lenyewe limeshiba, mimi nimelijaribu."

"Ni hatua za kanisa letu, Mzee," Gwantwa alisema. "Sijaongeza hata moja."

Likabaki boksi pana. Clever akahamisha waya. Gwantwa akapiga, na moyo ukamshuka. Kwa pale aliposimama, sauti ilikuwa ya upole tu, ya mviringo, haina ule ubishi wa spika nne. Danieli alitikisa kichwa. Mzee Kefa akasema, "Si niliwaambia, ni jepesi," kwa huruma ya kweli, na Gwantwa akaanza kuiona sare mpya, rangi yake na mishono yake, na yeye ndani yake kwenye safu ya sauti ya pili. Aliendelea kupiga kwa sababu wimbo haujafika mwisho na yeye hana tabia ya kuacha wimbo njiani.

"Iwe, wewe!" Marita akapiga yowe. "Iwe! Zinahama!"

"Zinafanya nini?"

"Zinahama, mama! Zinatoka nje ya ungo! Chisuma, nzuri sana, usiache!"

Danieli alikimbia. Alifika kwenye pipa, akainama, akanyanyuka ameshika kichwa kwa mikono miwili. "Shemeji! Huku ndiko ilikofikia! Huko imepita tu, imekuja kukaa huku!" Kahawa ilikuwa inatembea makundi kwa makundi, inapanda ukingo wa ungo na kudondoka sakafuni, to, to, to. Mwanamke mmoja wa maharage akasimama akasema anaihisi tumboni. Wa pili akasimama kuona kama ni kweli. Walipofika wanne wakawa wanacheza. Danieli akaanza kuimba wimbo wa mavuno kwa sauti yake ya tatu, Clever akaudaka bila kujua maneno, na ghala lote likatikisika kwa watu wazima waliosahau kazi zao asubuhi ya siku ya kazi.

Gwantwa akaondoa mkono. Kahawa ikasimama. Akapiga, ikatembea. Akaondoa, ikasimama.

Wote wakatazamana, halafu wakamtazama Mzee Kefa. Mzee alitoka mlangoni, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akazunguka mpaka nyuma ya ghala. Alirudi akijifuta vumbi.

"Hakuna lori," akasema.

Vigelegele vilivyopigwa hapo vilisikika mpaka sokoni. Lakini Mzee alikuwa hajamaliza. Alilirudia boksi pana, akalinyanyua tena kwa urahisi uleule, akalishusha kwa masikitiko. Kisha akalitazama lile la spika nne, ambalo lilimshinda nguvu, kama mtu anayemuaga rafiki.

"Mama Ombeni, nikirudi na jepesi na kuacha zito, watu wa chama watasemaje?"

"Mzee wangu," Gwantwa alisema, "tumekuja kununua kilo au tumekuja kununua benchi la mwisho?"

Mzee Kefa aligeuka. Alitembea zile hatua thelathini, peke yake, mikono nyuma. "Piga," akasema. Akaweka kiganja ubavuni mwa pipa. Gwantwa akapiga, taratibu, wimbo wote. Mzee alisimama pale mpaka mwisho wake, na alipoondoa mkono aliutazama ndani, kana kwamba kuna kitu amepewa.

"Pakieni," akasema.

Clever aliwafungia boksi pana pamoja na kichwa chake, akamwonyesha Gwantwa tundu la pili nyuma ya kichwa. "Hapa siku moja mtaongeza lile la spika nne, mpate na vidole. Ila msiunganishe la tatu, kichwa kitazidiwa kiungue." Mzee Kefa alisikia habari ya tundu la pili na akafurahi njia nzima.

Mazoezi ya Jumamosi yalileta kesi moja tu. Kila Gwantwa alipogusa noti fulani, bati moja la dari lililia "zzzz". Danieli alipendekeza wimbo ubadilishwe. Mzee Kefa akaleta ngazi, akapanda mwenyewe na nyundo, na akiwa kule juu akaamuru apigiwe noti ileile mara kumi na nne mpaka msumari wenye makosa ukapatikana.

Jumapili kanisa lilifurika. Itumba waliimba vizuri kupita kiasi, Mbebe wakaimba vizuri kuliko Itumba, ndipo Hasamba wakaitwa. Gwantwa alipanda, akachomeka waya. Danieli akagusa kinanda kwa mkono wa kulia. Ule wa kushoto, ambao kwa miaka yote ulifanya kazi ya besi, aliuinua ili watu wote wauone, akamkonyeza shemeji yake, akautia mfukoni.

Na besi ikaingia.

Maji ya mchungaji yalichora viduara ndani ya glasi pale mimbarini, mchungaji akaisogeza kwa kidole, yakachora tena. Waimbaji wa sauti ya kwanza, waliozoea kuelea hewani, waligeuka kuangalia ni nani aliyewashika miguu. Watu wakasimama, benchi kwa benchi, wakaanza kucheza, na Gwantwa alilia na kucheka kwa wakati mmoja bila kupoteza noti hata moja. Kitu kimoja tu hakukipata. Watu waliposimama walimziba, na kila aliponyoosha shingo kulitafuta benchi la mwisho aliona mabega na vilemba.

Ibada ilipoisha walimzunguka. Mpiga besi wa Itumba alitaka kujua boksi ni la inchi ngapi. Watu wa chama walitaka kujua lina kilo ngapi. Gwantwa alijibu huku akisukuma, akaomba njia, akaomba samahani, akahesabu hatua zake thelathini mpaka mlangoni.

Bibi Tukuswiga alikuwa bado amekaa. Viatu vyake vilikuwa pembeni, nyayo zake zimekaa sakafuni, na kiganja chake kimoja kililala juu ya ubao wa benchi. Gwantwa akaliinamia sikio la kulia. Pumzi ilikuwa imemwishia, lakini swali lilitoka.

"Bibi, umenisikia leo?"

Bibi aliunyanyua mkono kutoka kwenye benchi, akamtafuta shavu.

"Leo sikukuona kabisa, mwanangu," akasema. "Nilifumba macho tangu mlipoanza. Hata umevaa nini, sijui."